Dawa za ganzi za kupaka na kupuliza: ipi ya ngozi, ipi ya jino, ipi asipewe mtoto

Ukisimama kwenye kaunta ya duka la dawa, iwe Darajani au Chake Chake, swali utakalolisikia sana kuhusu dawa ya ganzi ni hili: "Ipi kali zaidi?" Mtu jino linampwita tangu usiku, au mwana anakwenda kutiwa suna, au ana bawasiri na anaona haya kulitaja jina lake; akifika anataka iliyo kali. Mimi nauza dawa, na swali hilo hunitia wasiwasi kila nikilisikia. Dawa ya ganzi haichaguliwi kwa ukali. Huchaguliwa kwa mahali inapowekwa, umri wa anayewekewa, kiasi chake na muda itakaokaa. Tyubu inayomfaa mtu mzima mkononi inaweza kumdhuru vibaya mtoto mchanga kwenye ufizi.

Dawa hizi hazitibu kitu. Huuzuia mshipa wa fahamu usipeleke habari ya maumivu kwenye ubongo kwa muda, kisha nguvu yake huisha. Lakini haibaki yote pale ulipoipaka. Sehemu yake huingia kwenye damu, na damu huipeleka kwenye moyo na ubongo. Ngozi nzima, isiyo na kidonda, hupitisha dawa polepole. Ndani ya mdomo, kooni, kwenye njia ya haja na sehemu za siri hupita haraka mno. Ngozi iliyochubuka, iliyoungua au yenye ukurutu nayo haina kizuizi cha kutegemewa. Kwa hiyo kabla hujalinganisha dawa na dawa, jiulize kwanza unaipeleka wapi.

Jambo la pili ni hesabu ya asilimia. Asilimia 1 maana yake ni miligramu 10 za dawa katika kila gramu au kila mililita. Jeli ya lidokaini ya asilimia 2 ina miligramu 20 kwa mililita. Kwa mtoto, lidokaini haitakiwi kuzidi miligramu 4.5 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 10, basi, ukomo wake ni miligramu 45. Kijiko kimoja cha chai cha jeli hiyo, mililita 5, kina miligramu 100, zaidi ya mara mbili ya ukomo. Na hiyo ni asilimia 2, ambayo wengi huiona dhaifu.

Ngozi nzima: lidokaini peke yake au iliyochanganywa na prilokaini

Lidokaini ndiyo utakayoikuta kila mahali. Ilitengenezwa Sweden mwaka 1943 na Nils Löfgren, ikaingia sokoni 1948 kwa jina la Xylocaine, na hadi leo wazee wengi huiita kwa jina hilo hata tyubu ikiwa ya kampuni nyingine. Huja kama jeli ya asilimia 2, krimu ya asilimia 4, marhamu ya asilimia 5 na dawa ya kupuliza ya asilimia 10. Jeli ile ya asilimia 2 ndiyo wauguzi huitumia wanapompitishia mgonjwa mpira wa mkojo. Inafaa utando laini, lakini kwenye ngozi nzima haifanyi kazi ya maana. Nimewaona watu wakiipaka mkononi kabla ya sindano, kisha wakalalamika kwamba dawa ni feki. Si feki, imepelekwa pasipo pake.

Kwa ngozi nzima iliyo bora ni krimu ya mchanganyiko, lidokaini asilimia 2.5 na prilokaini asilimia 2.5, ambayo wengi huijua kwa jina la EMLA. Hii inataka subira. Unaiweka nene bila kuisugua, unaifunika kwa plasta isiyopitisha hewa, unasubiri saa nzima. Baada ya dakika 60 ganzi hufika kina cha milimita 3 hivi. Ukisubiri saa mbili hufika milimita 5. Anayepaka dakika kumi kabla ya sindano amepoteza fedha zake.

Kiasi chake kimepangwa kwa umri na uzito, na hapa sitaki mtu akisie. Mtoto wa chini ya miezi 3, au chini ya kilo 5: gramu 1 tu, eneo lisilozidi sentimita 10 za mraba, isikae zaidi ya saa 1. Miezi 3 hadi 12 na amezidi kilo 5: gramu 2, hadi saa 4. Mwaka 1 hadi 6 na amezidi kilo 10: gramu 10, hadi saa 4. Miaka 7 hadi 12 na amezidi kilo 20: gramu 20, hadi saa 4. Gramu 1 kutoka tyubu kubwa ya gramu 30 ni mstari wa krimu wa sentimita 3 na nusu hivi. Kata kipande cha karatasi chenye urefu huo, ukiweke pembeni ya tyubu kabla ya kuminya. Ni rahisi kuliko kukadiria kwa macho huku mtoto analia.

Prilokaini ina tabia moja ambayo lidokaini peke yake huionyesha kwa nadra sana. Inapovunjwa mwilini hutoa kemikali inayoibadili hemoglobini ya damu ikawa methemoglobini, ambayo haiwezi kubeba oksijeni. Watoto wachanga ndio wepesi kupatwa, kwa sababu miili yao bado haijawa na uwezo kamili wa kuirudisha hemoglobini katika hali yake. Pia wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi iliyo ya kawaida kwenye nchi zilizoishi na malaria kwa karne nyingi, na visiwa vyetu vimo. Mtoto anayetumia Septrin au dawa nyingine ya salfa, au dapsoni, asipakwe krimu hii mpaka daktari aseme. Unaponunua, taja dawa zote anazotumia hata kama huulizwi.

Na je, mtoto anayetiwa suna? Wazazi wengi huuliza kama krimu inatosha ili mwana asichomwe sindano. Jibu langu ni kwamba haitoshi. Ganzi yake ni ya juu juu, na kukata kunaenda ndani zaidi ya hapo. Sindano ya ganzi inayozungushwa kwenye shina la uume inaondoa maumivu vizuri kuliko krimu. Krimu inaweza kutangulia ili mchomo wa sindano wenyewe usimtese. Atakayeamua na kupaka ni yule atakayemtahiri, katika kituo cha afya, si mama nyumbani usiku wa kuamkia siku hiyo.

Kutoga masikio ya mtoto wa kike ni jambo jingine. Mchomo ni wa nukta moja. Kipande cha barafu kilichofungwa kitambaa safi, dakika moja kila upande wa ndewe, kinapunguza maumivu bila dawa yoyote. Mimi ningechagua barafu.

Jino la mtu mzima: benzokaini au mafuta ya karafuu

Hapa Zanzibar huwezi kuzungumzia ganzi ya jino ukaiacha karafuu. Pemba makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, hayatupwi. Yanapelekwa kiwandani Wawi yakamuliwe mafuta, na kichupa cha mafuta ya karafuu kimo katika nyumba nyingi kuliko panado. Sehemu kubwa ya mafuta hayo, kwa kawaida asilimia 70 hadi 90, ni eujenoli, na eujenoli ni dawa ya ganzi ya kweli. Madaktari wa meno huichanganya na oksaidi ya zinki kuziba jino kwa muda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 kutoka Kuwait ulilinganisha jeli ya karafuu na jeli ya asilimia 20 ya benzokaini, dawa nyingine ya ganzi inayopakwa mdomoni, kwa watu wazima waliochomwa sindano kwenye fizi. Zote mbili zilipunguza maumivu kuliko jeli isiyo na dawa, na baina yao haikuonekana tofauti ya maana.

Kwa hiyo atakayekwambia karafuu ni mambo ya kizamani, usimsikilize. Lakini anayesema "ni ya asili, haina madhara" ndiye ninayemwogopa zaidi. Mafuta ya karafuu yasiyozimuliwa huunguza ufizi. Wapo wanaokuja na kidonda cheupe kando ya jino, kwa sababu walichovya pamba kwenye kichupa wakailaza pale mpaka asubuhi. Sasa wana maumivu mawili. Yazimue: matone mawili matatu ndani ya kijiko cha chai cha mafuta ya nazi. Chovya ncha ya pamba, ikamue, gusa kwenye tundu la jino dakika chache, kisha itoe na uteme. Usimeze.

Na kichupa kiweke mbali na watoto, mahali wasipofika hata kwa kupanda kiti. Kuna kisa kilichoandikwa mwaka 1993 cha mtoto wa miaka 2 aliyemeza kati ya mililita 5 na 10 za mafuta ya karafuu: alipata degedege, akapoteza fahamu, na ini lake likaathirika. Mililita 10 ni vijiko viwili vya chai. Vichupa vingi vinavyouzwa sokoni vina zaidi ya hapo, na vifuniko vyake hufunguka kirahisi.

Benzokaini upande wake hufanya kazi haraka, ndani ya dakika moja au mbili, na haiunguzi ufizi kama karafuu. Lakini haikai sana, kwa hiyo mtu huirudia na kuirudia. Nayo pia inaweza kuleta methemoglobini, hata kwa mtu mzima, hata kwa kipimo cha kawaida, ijapokuwa ni nadra. Na iko katika jamii ya zile dawa za ganzi zinazoleta mzio mara nyingi kuliko lidokaini. Aliyewahi kuvimba au kutoka vipele baada ya kuitumia asiijaribu tena.

Kwa mtu mzima mwenye jino lenye tundu anayesubiri miadi ya daktari wa meno, karafuu iliyozimuliwa au benzokaini zote zinafaa kwa siku moja mbili. Ningemwambia anunue pia paracetamol, kwa sababu jino linalouma kwa ndani halifikiwi na kitu kinachopakwa juu. Shavu likivimba, au homa ikija, au mdomo ukishindwa kufunguka, hapo ganzi ni kujificha. Ni usaha, na unataka hospitali siku hiyohiyo.

Mtoto anayeota meno: si hii wala ile

"Nipe ile jeli ya meno, jirani yangu kaisifu sana."

"Mwana ana umri gani, mama?"

"Miezi saba. Halali, na mimi silali."

Huyu mama hataki kumdhuru mwanawe. Amechoka, na mwana anamlilia usiku kucha. Ndiyo maana sehemu hii inaniuma kuiandika kuliko nyingine. Mwaka 2014, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliagiza onyo zito liwekwe kwenye lidokaini nzito ya asilimia 2 ya kinywani kwamba isitumiwe kwa watoto wanaoota meno, kwa sababu wapo waliopata degedege, wakadhurika moyo na ubongo, na wengine wakafariki. Mwaka 2018 ikaonya tena, safari hii juu ya benzokaini: isitumiwe mdomoni kwa mtoto wa chini ya miaka 2. Na faida yenyewe ni kidogo mno. Mtoto anatoa mate wakati wote, jeli inasombwa ndani ya dakika chache, sehemu inamezwa, ganzi inafika kooni na kumeza kunakuwa taabu. Mama anaona haikusaidia, anapaka tena. Hapo ndipo kipimo huzidi.

Mafuta ya karafuu kwenye ufizi wa mtoto? Hapana kabisa.

Kinachosaidia ni kidole safi, kilichooshwa kwa sabuni, kikisugua ufizi taratibu. Au kitambaa safi kilicholowekwa maji yaliyochemshwa na kuwekwa kwenye friji, akitafune ukiwa umemshika. Kiwe baridi, kisigandishwe. Maumivu yakizidi, paracetamol ya maji kwa kipimo cha uzito wake. Na homa ya 38 au zaidi usiiite ya meno. Mpeleke akapimwe malaria na mengineyo. Kuota meno hakuleti homa kali, na siku mbili za kusubiri "jino litoke" zinaweza kuwa siku mbili za kuchelewesha tiba.

Mama yule aliondoka na paracetamol na maelezo. Sikumuuzia jeli, na nisingemuuzia hata angerudi mara tatu.

Koo: ya kupuliza au ya kumung'unya

Lidokaini ya kupuliza ya asilimia 10 hutoa miligramu 10 kila unapobonyeza. Kwa mtu mzima mibonyezo 20 ni miligramu 200, na huo ndio ukomo unaotajwa kwa kawaida. Hii ni ya mikononi mwa daktari wa meno au wa koo, si ya kuweka nyumbani kwa kila anayekohoa. Vidonge vya kumung'unya vyenye benzokaini kidogo vinamtosha mtu mzima mwenye koo linalowasha. Mtoto mdogo asipewe, kwa sababu ya benzokaini na kwa sababu anaweza kupaliwa na kidonge chenyewe.

Kwa zote mbili, baada ya koo kufa ganzi usile wala kunywa kwa saa nzima. Koo lisilohisi haliwezi kulinda njia ya hewa, na chai ya moto au uji wa futari utakuunguza bila wewe kujua. Utafuna ulimi au shavu lako mwenyewe usihisi mpaka uone damu.

Bawasiri, mkanda wa jeshi, na macho

Kwa bawasiri, marhamu ya lidokaini yanayotajwa wazi kwamba ni ya njia ya haja kubwa yanatuliza. Kidogo, cha ukubwa wa punje ya harage, baada ya kujisafisha na kujikausha, isizidi wiki moja. Damu ikiendelea usijipake tena. Onana na daktari, maana si kila damu ya huko ni bawasiri.

Maumivu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi yana plasta zake za lidokaini za asilimia 5. Hubandikwa saa 12, hubanduliwa saa 12, zisizidi tatu kwa pamoja, kwenye ngozi iliyokwisha kupona tu. Plasta moja ina miligramu 700, na nyingi kati ya hizo zinabaki ndani yake hata baada ya kuitoa mwilini. Ikunje, upande wa gundi ndani, itupe pasipofikiwa na mtoto.

Kwa jicho neno langu ni moja. Matone ya ganzi kama tetrakaini ni ya daktari kumpimia au kumtoa mtu kitu jichoni. Fundi wa kuchomelea aliyepigwa na mwanga asiombe chupa akaende nayo nyumbani. Matone hayo yakirudiwa huzuia jicho kupona, na mtu asiyehisi maumivu hulisugua mpaka kioo chake kinafanya kidonda.

Maeneo mapana ya mwili, na saluni

Mabibi harusi na wengine wanaoondoa nywele mwilini wameanza kuulizia krimu za ganzi za kupaka miguu mizima. Marekani wanawake wawili, mmoja wa miaka 22 na mwingine wa miaka 25, walipaka krimu kali zenye lidokaini na tetrakaini miguuni, wakaifunga kwa plastiki kama walivyoelekezwa, wakaenda kuondolewa nywele kwa leza. Wote wawili walipata degedege, wakazirai, wakafariki. Mwaka 2007 FDA ilitoa tahadhari kwa umma kuhusu jambo hilo. Eneo pana, dawa kali, plastiki juu yake, joto: vyote hivyo huongeza dawa inayoingia kwenye damu. Na joto letu la Kaskazi halihitaji kuelezwa.

Machi 2024 mamlaka hiyohiyo iliwaonya watu juu ya bidhaa kadhaa za ganzi zinazouzwa kwa kazi za urembo zikiwa na lidokaini inayozidi asilimia 4, ambayo ndiyo ukomo wao kwa dawa ya ngozi inayonunuliwa bila cheti. Bidhaa kama hizo huuzwa mitandaoni, na kununua ni kubofya tu. Tyubu isiyotaja jina la dawa, asilimia, mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya mwisho, iache hapohapo. Ukiwa na shaka kama imesajiliwa, Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, ZFDA, ndio wa kuulizwa. Kwa nywele za miguu mimi ningemshauri bibi harusi asipake ganzi kabisa; barafu kidogo, na kazi ifanywe kwa awamu.

Dalili za hatari

Lidokaini ikizidi kwenye damu huanza kwa ganzi kuzunguka midomo na ulimi mahali ambapo hukupaka, ladha ya chuma mdomoni, masikio kuvuma, kizunguzungu, macho kuona ukungu, kisha misuli kutetemeka. Usisubiri degedege. Methemoglobini hujitokeza kwa rangi ya kijivu au ya buluu, na kwa ngozi zetu nyeusi itazame kwenye midomo, ulimi, fizi na kucha. Mtu huhema kwa shida, hulegea, moyo humwenda mbio, na damu ikitolewa huwa ya rangi ya chokoleti. Inaweza kuanza ndani ya dakika chache au baada ya saa moja mbili, hata ikiwa ndiyo mara ya kwanza kutumia, na hata kama mara zilizopita hazikuleta tatizo.

Futa dawa yote iliyobaki, osha kwa maji, na uende hospitali iliyo karibu nawe, iwe Mnazi Mmoja au Abdalla Mzee, bila kujaribu maziwa wala asali njiani. Chukua tyubu au chupa uliyotumia, mwambie daktari ulipaka kiasi gani na saa ngapi. Kama mgonjwa ana upungufu wa G6PD, litaje hilo mapema, kwa sababu dawa ya methilini ya buluu inayorudisha damu katika hali yake haimfai mtu huyo.